Safari ya Pikipiki ya Kale, Kutoka Lushoto Mpaka Tanga



Mara nyingi safari zisimuliwazo katika kurasa hizi ni zile zilizokwenda vema. Leo twataka kuwaeleza safari yetu moja ambayo mwanzo wake ulikwenda vibaya, na ubaya ule tuliuleta sisi wenyewe. Twaiandika kwa ajili ya waalimu na wazee wa nyumba, maana haupiti mwaka ila mmoja wetu hupakia kitu kizito juu ya gari, ama kengele, ama mabati, ama madawati ya shule. Sisi tulipakia pikipiki ya kale.

Pikipiki hiyo ni mali ya Bibi mmoja mjane, akaaye katika kijiji kilicho juu ya Lushoto. Ni BSA ya namna iitwayo M20, iliyofanyizwa Birmingham, nchi ya Uingereza. Katika Vita Kuu ya Pili, ya mwaka 1939 mpaka 1945, zilifanyizwa M20 zaidi ya 126,000 kwa ajili ya majeshi, na vita ilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa watu. Ina silinda moja tu, ya sentimita za ujazo 496. Haina mbio kubwa, lakini ina nguvu na uvumilivu. Uzito wake wapata kilo 170. Gurudumu la mbele limeshikwa na uma wa chuma wenye springi; gurudumu la nyuma halina springi hata kidogo, limefungwa katika chuma kitupu, na kwa sababu hiyo kiti kimewekewa springi zake chini, ili mpandaji asiumie mgongo. Msomaji na azikumbuke springi hizo za kiti, maana huko mbele zitatuaibisha.

Mume wa Bibi alikuwa mwalimu. Aliinunua pikipiki hiyo mwaka 1962, nayo ilikuwa imekwisha kutumiwa na wengine, akaenda nayo katika vijiji vya milimani kufundisha watu wa ubatizo na kuwazuru wagonjwa. Wazee wa huko husema kwamba sauti yake ilisikika bonde la pili kabla yeye mwenyewe hajaonekana, na watoto walikimbia kuokota madaftari yao. Alipofariki iliwekwa ghalani, ikakaa huko miaka mingi chini ya magunia. Mwaka huu Bibi alituita akasema, "Wanangu, kabla sijafa nataka kuisikia tena." Yuko fundi mmoja Tanga, mtaa wa Ngamiani, azijuaye mashine za namna ile. Basi tukakubali kumpelekea.

Siku ya kuondoka Bibi alitoka mlangoni na fimbo yake, akashika usukani kwa mkono mmoja kama mtu amshikaye ng'ombe wake pembe, akatuambia, "Ichukueni, lakini irudi nzima. Na huyu mjukuu wangu aende nanyi. Naye arudi mzima." Mjukuu huyo ni kijana wa miaka 16. Tukamjibu, "Usiwe na wasiwasi, Bibi." Neno hilo tulilitamka upesi mno.

Tela tuliazimwa na mkulima mmoja wa mboga, nalo ni la magurudumu mawili. Twaliegesha nje tangu jioni, na kamba zetu za katani tukaziacha ndani yake. Asubuhi tulizikuta zimelowa kwa ukungu, maana Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya bahari, na ukungu wa huko hulala chini mpaka jua lipande. Tukaipandisha pikipiki kwa ubao, tukaisimamisha juu ya kigingi chake cha pembeni. Gurudumu la nyuma tuliliweka karibu kabisa na mlango wa tela, tukisema kwamba itakuwa rahisi kuishusha tukifika. Kisha tukapitisha kamba moja juu ya kiti na nyingine katika ncha za usukani, tukazivuta kwa nguvu zetu zote, tukafunga mafundo. Tukaitikisa, haikucheza. Ili kuwa na hakika zaidi, tukamweka kijana ndani ya tela aishike kwa mkono. Tukaomba, tukaondoka.

Njia ishukayo kutoka Lushoto mpaka Mombo ni ya kilomita kama 33, na katika mwendo huo mfupi mtu hushuka karibu mita 1,000. Hakuna njia nzuri kuliko hiyo katika Usambara, wala njia imkumbushayo dereva dhambi zake kama hiyo. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni bonde. Chini kabisa maji ya mto yalia juu ya mawe, na mashamba ya kabichi na migomba yametundikwa mlimani kama nguo zilizoanikwa. Wadachi waliokuwa wakitawala zamani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, na reli yao iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Tangu hapo mazao ya milimani yalishuka kwa njia hii kuifuata reli. Sasa imetiwa lami, lakini pembe zake ni zile zile.

Tulipokuwa tukikaribia Soni, ukungu uliondoka na jua likawaka. Tuliona kwamba tela lilikuwa likitingisha mkia, likienda huku na huku nyuma ya motakaa, tukadhani ni upepo. Katika pembe moja tukasikia kishindo, na sauti ya kijana ikiita. Tukasimama. Pikipiki ilikuwa imelala upande, na kijana alikuwa ameipokea kwa bega na mkono. Nayo ilikuwa imembana mguu katika ubao wa tela. Tuliinyanyua watu watatu. Kwa rehema ya Mungu mfupa haukuvunjika; ngozi ilichunika na mguu ukavimba. Kama ingaliangukia upande wa pili, ingalimtupa barabarani pamoja nayo, na kando ya barabara palikuwa na bonde.

Tulimpeleka katika zahanati, akasafishwa jeraha na kufungwa. Tulipokuwa tukingoja nje, mmoja wetu alisema, "Tusimwambie Bibi sasa; tutamwambia tukirudi, kijana akiwa amepona." Hatukumjibu mara moja, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kuliwaza neno lilo hilo. Kisha tukaona haya. Sisi ndio tufundishao watoto wa watu wasiseme uongo. Tukampigia Bibi simu, tukamweleza yote, hata habari ya kumweka kijana ndani ya tela. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Anatembea?" Tukasema, "Anatembea, Bibi." Akasema, "Basi kifungeni chuma, msimfunge mtoto." Akakata simu.

Maneno hayo yalituchoma kuliko matukano. Ni kweli, tulimfanya mtoto kuwa kamba. Mikanda mizuri ya kufungia mizigo huuzwa madukani, nasi tuliona gharama yake ni kubwa. Lakini mguu wa mtoto hatukuupigia hesabu.

Ndipo tulipoikumbuka habari ya mfalme Daudi alipolileta Sanduku la Mungu. Waliliweka juu ya gari jipya, wakaenda kwa nyimbo na vinanda. Ng'ombe walipojikwaa, Uza akanyosha mkono wake alishike, akafa pale pale. Tumeifundisha habari hiyo miaka mingi, na kila mara watoto huuliza kosa la Uza lilikuwa nini, maana alitaka kusaidia. Hatusemi kwamba pikipiki ni kitu kitakatifu, wala hatujifanyi wafasiri wa hukumu za Mungu. Lakini siku ile tuliona neno moja ambalo hatukuliona zamani. Kosa lilianza kabla ya Uza kunyosha mkono wake. Sanduku lilikuwa na pete na miti yake, likapaswa kuchukuliwa mabegani na Walawi. Wakubwa waliacha kanuni hiyo wakalitia garini, na aliyekuwa karibu ndiye aliyelipa. Baada ya miezi mitatu Daudi alianza tena, na safari ile ya pili walilichukua kwa kanuni. Basi nasi tukaanza tena kwa kanuni.

Aliyetufundisha kanuni ni dereva mmoja wa lori la mboga tuliyemkuta hapo Soni, mtu mzima, Mwislamu, ambaye amepanda na kushuka njia ile tangu ujana wake. Alilizunguka tela letu mara mbili bila kusema neno. Kisha akasema, "Waalimu, samahani, nani aliyewafungia?" Tukajibu, "Ni sisi wenyewe, mzee." Akacheka kidogo, wala si kwa dharau, akatoa mikanda minne yenye vikaza vyake vya chuma kutoka katika lori lake, akatuazima. Aliyotuonyesha twayaandika hapa kwa utaratibu, ili msomaji apate faida bila kulipa kwa mguu wa mtu.

La kwanza ni mahali pa mzigo. Tulipouweka uzito nyuma ya ekseli, shingo ya tela ilikuwa nyepesi, na tela lenye shingo nyepesi hutingisha mkia. Likizidi, hulivuta gari lenyewe nje ya njia. Uzito uwe mbele ya ekseli kidogo, hata shingo ielemee ndoano ya motakaa kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi ya uzito wa tela na mzigo wake. Basi tukaisukuma pikipiki mbele, gurudumu lake likaingia katikati ya vipande viwili vya mbao tulivyovipigilia misumari katika sakafu, lisiweze kugeuka.

La pili ni kigingi. Pikipiki isisafiri juu ya kigingi chake. Kila shimo la njia hukigonga, nacho hupinda au huvunjika, na chombo kikiinama upande mmoja mikanda ya upande wa pili hulegea. Isimame wima juu ya magurudumu yake mawili, na mikanda iwe ndiyo miguu yake.

La tatu ni mahali pa kufunga. Kamba yetu ya kwanza ilipita juu ya kiti, na kiti kina springi. Kila tuliporuka shimoni springi zilibonyea, na kamba ikapata nafasi. Ya pili ilishika ncha za usukani, ambazo hupinda na kuzunguka. Yule mzee alifunga mikanda miwili katika vyuma vya uma, chini ya usukani, mmoja kuume na mmoja kushoto, akaivuta kwenda mbele na chini na nje, kama kamba za hema. Alikaza upande huu kidogo na upande huu kidogo, mpaka springi ya mbele ikabonyea nusu yake. Isibonyezwe yote, maana chuma kisicho na pa kwenda huumia. Mikanda miwili ya nyuma aliishikiza katika mwili wa chuma karibu na gurudumu, akaivuta nyuma na nje, gurudumu lisihame. Kila mahali ukanda ulipogusa rangi aliweka kitambaa. Ncha zilizobaki alizifunga, zisipigwe na upepo. Tulitaka kuifunika kwa turubai, akatukataza; alisema turubai lipigwalo na upepo husugua rangi kama msasa.

La nne ni mafuta. Kijana alikuwa ametia petroli kidogo, naye mzee akaisikia harufu yake. Tukaimwaga katika dumu, tukafunga bilula ya tangi.

La tano ni tela lenyewe. Tulitazama upepo wa matairi, taa za nyuma, na minyororo miwili iliyopaswa kupishana chini ya ndoano kama msalaba, ili shingo ikichomoka ianguke juu ya minyororo, isianguke barabarani. Mmoja ulikuwa haukufungwa. Tulikuwa tumesafiri kutoka Lushoto mpaka Soni bila kujua.

Tukamwuliza, "Lakini, mzee, asubuhi kamba zetu zilikaza sana, tuliitikisa haikucheza." Akaokota kamba yetu akaifinya. Akasema, "Katani ikilowa hujivuta ikawa fupi, ikikauka hurefuka. Mlifunga ukungu, jua likafungua." Sisi ni watu wa Tanga, nchi ya katani! Babu zetu waliikata mashambani, na kila mtoto wa shule hapa hufundishwa jinsi Dakta Richard Hindorf alivyoagiza miche yake 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu mwaka 1893, na mashamba yote makubwa yakatoka katika hiyo. Twayajua yote hayo, na tabia ya kamba hatukuijua. Alituambia tena, "Hata mikanda hii msiiamini. Mzigo hukaa mahali pake baada ya kwenda. Simameni baada ya kilomita 10 mkaze, kisha kila mahali mpumzikapo mkaze tena."

Tulitaka kumlipa, akakataa. Alisema tu tumwachie mikanda yake pale Soni tukirudi. Tukamwombea heri, naye akatuombea kwa namna yake, tukaachana.

Kutoka Soni tulishuka kwa gia ndogo, bila kukanyaga breki wakati wote, maana tela letu halina breki zake, nalo husukuma kutoka nyuma, na breki zikanyagwazo bila kupumzika hupata moto na kushindwa. Katika pembe tuliingia kwa upana, kwa kuwa tela hukata njia ndani kuliko motakaa. Kijana alikaa mbele pamoja nasi, mguu wake juu ya mto.

Mombo joto lilitupokea kama pumzi ya tanuri. Tukasimama, tukaishika mikanda, na kweli miwili ilikuwa imelegea kidogo, tukaikaza. Tuligusa na vikombe vya magurudumu ya tela kwa kiganja, maana kikombe kikiwa cha moto kuliko mkono uwezavyo kuvumilia, beringi zake zi karibu kufa. Vilikuwa na uvuguvugu tu. Kutoka hapo njia ni tambarare, milima ya Usambara ikibaki mkono wa kushoto kama ukuta wa buluu. Tukapita Korogwe, tukakaza. Tukafika Segera, penye njia panda ya Dar es Salaam na Tanga, tukakaza. Tukapita Hale, ambapo maji ya mto Pangani huzungusha mitambo ya umeme, na mistari ya katani ikasimama pande zote mbili kama askari. Muheza tulinunua machungwa, tukatazama upande wa Magila, mahali ambapo Misheni ya Vyuo Vikuu ilianza kazi yake katika karne ya 19. Walimu wa siku zile walikwenda kwa miguu, na mizigo yao ilikuwa vichwani mwa watu. Hapo nasi tukakaza mara ya mwisho.

Jioni tukaingia Tanga, tukasikia harufu ya bahari. Fundi wa Ngamiani alitoka na taa, akaizunguka pikipiki, asione mkwaruzo ila ule mmoja wa Soni katika tangi. Akauliza kama aupake rangi. Tulimpigia Bibi simu tukamwuliza. Alitaka kwanza kusema na mjukuu wake, wakazungumza Kisambaa kitambo kirefu. Kisha akatuambia, "Mkwaruzo mwuacheni. Mtakapofunga mzigo mwingine mtaukumbuka."

Wapenzi, twawaachia maneno machache. Baba wa nyumba, usimweke mtoto wako ashike mzigo. Mkono wa mtu si kamba. Mwalimu, ukikosea, mwambie mwenye mali siku ile ile, maana kosa lifichwalo ni mzigo usiofungwa. Na sisi sote tukumbuke fundo la asubuhi. Wako watu waliobatizwa siku ya furaha, wakafungwa vema, tukawatikisa tukaona hawachezi, tukaenda zetu. Kisha jua likawaka juu yao, jua la shida au la mali, na hapakuwa na mtu aliyesimama njiani kuwatazama. Tuwazuru. Tusimame baada ya mwendo mfupi, kisha tena na tena, mpaka tufike.

Mguu wa kijana umepona. Pikipiki ingali kwa fundi. Siku itakapolia milimani tena tutawaandikia, Mungu akipenda.

Kwaherini. Sisi ndugu zenu.